Kidole Kilichonata Hakifunguliwi kwa Kisu Peke Yake

Mtu aliyekatwa na panga kiganjani, akashonwa, jeraha likafunga vizuri, kisha miezi 4 baadaye akajikuta hawezi kuushika mpini wa jembe, hutujia na ombi moja: apasuliwe tena. Ombi hilo ni la haki. Upasuaji wa kufungua kano zilizonata upo, umefanyika duniani kwa miongo mingi, na mikononi mwa mpasuaji mzoefu unaweza kumrudishia mgonjwa kidole alichokwisha kukikatia tamaa. Hata hivyo, makala haya yanasema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi ya wapasuaji wenzangu, wala wagonjwa wa Handeni na Korogwe wanaosubiri zamu yao ya chumba cha upasuaji. Pale ambapo hakuna mtu anayejulikana kwa jina aliyekubali kumsimamia mgonjwa huyo mazoezi kwa wiki 6 za mwanzo, ni afadhali kisu kisiguse kidole chake.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza tujue kidole hukunjwa na nini. Ndani ya kidole chenyewe hamna msuli. Misuli mikubwa inayokikunja imelala katika kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, na nguvu yake hufika kidoleni kwa njia ya kano. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano 2 za kukikunja. Gumba lina moja ndefu. Zote 9 hupita pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu katika njia nyembamba iliyo mbele ya kifundo cha mkono. Zikishafika kidoleni, huingia ndani ya ala laini yenye ute, na hushikiliwa karibu na mfupa na pete imara. Waliokulia Pangani au Tanga mjini wataelewa upesi: pete hizo ni makapi ya chombo, na kano ni kamba ipandayo na kushuka ndani yake tanga linapotwekwa. Kamba ikigandishwa kwa lami ndani ya kapi, mabaharia wataivuta hadi jasho liwatoke, na tanga halitapanda.

Lami hiyo ni kovu. Mwili huunga kano iliyokatwa kwa ufundi uleule unaoungia ngozi, na kovu halichagui mahali pa kushika: huishika kano, huishika ala, huushika mfupa ulio chini na ngozi iliyo juu, vyote vikawa kitu kimoja. Kwenye paja hilo lisingekuwa na madhara makubwa. Kidoleni, ambako kano mbili hubanana ndani ya ala moja na kila moja inapaswa kuteleza sentimita kadhaa, kovu dogo latosha kukifanya kidole kuwa kijiti. Si mkato peke yake unaoleta hali hii. Mfupa wa kifundo uliovunjika, jeraha la moto mgongoni mwa kiganja, usaha ndani ya ala ya kano baada ya kuchomwa na mwiba, vyote huweza kuishia hapo.

Na miiba na makali, katika wilaya hizi mbili, ni sehemu ya riziki. Mkonge ulifika pwani yetu mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Leo mashamba ya Ngombezi, Magunga, Hale na Magoma ni sehemu ya sura ya Korogwe. Katika safari hiyo yote ya zaidi ya karne, jani la mkonge limeendelea kukatwa kwa mkono wa mtu, na kila jani lina mwiba mgumu kwenye ncha. Kisha jani huenda korona, ambako mkono hukaribiana na mashine. Handeni kuna mahindi, yaani jembe, panga na kufyeka. Ongeza bodaboda, maana anayeanguka hutanguliza kiganja. Yeyote aliyefanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda cha hospitali ya wilaya ameiona mikono hii, na anajua kwamba mara nyingi huja usiku, wakati aliye zamu ana sindano na uzi wa ngozi na hana nafasi ya kutafuta ncha za kano zilizorudi ndani.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa mnato mwingi hupandwa katika wiki za mwanzo, kabla neno upasuaji wa pili halijatajwa. Desturi iliyozoeleka ni kuufunga mkono wote ndani ya hogo, vidole vikiwa ndani, na kumwambia mgonjwa arudi baada ya wiki 6. Kwa mfupa wa mguu hilo laweza kuwa sawa. Kwa kano ya kidole, wiki 6 za kutulia tuli ni muda tosha wa kovu kujenga nyumba. Historia ya fani yetu yenyewe ilizunguka jambo hili. Sterling Bunnell wa Marekani, ambaye wengi humhesabu kuwa mwasisi wa upasuaji wa mkono, aliliogopa eneo la kidole lenye kano mbili ndani ya ala moja kiasi cha kushauri kwamba kano zilizokatwa hapo zisishonwe siku ileile, bali kano nyingine ipandikizwe baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville waliwaonyesha wapasuaji wenzao matokeo mazuri ya kushona mapema, na siri ya mafanikio hayo haikuwa uzi peke yake: wagonjwa wao walianza kuchezesha vidole mapema, chini ya ulinzi wa banzi. Siku hizi kano ikishonwa kwa nyuzi 4 zinazovuka mkato, huweza kustahimili mwendo mwepesi tangu siku za mwanzo.

Banzi lenyewe si kitu cha anasa. Ni nusu ya hogo tu, iliyowekwa upande wa mgongo wa kiganja, kifundo kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kiganjani, vifundo vya shina la vidole vikiwa vimekunjwa, na vidole vyenyewe vikiwa vimenyooka. Ndani ya ulinzi huo mgonjwa hukunja kidole chake kwa kutumia mkono mzima, kisha hukinyoosha hadi kigote banzi, mara kadhaa kila saa awapo macho. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa mara moja anaweza kuyafundisha haya maisha yake yote. Anayepaswa kuanza ni yule aliyeishona kano, na ndiye apaswaye kuandika kwenye kadi kano ipi ilikatwa, mahali gani, na kwa uzi wa namna gani. Kadi iliyoandikwa "mkato kiganjani, ameshonwa" haimsaidii mtu.

Tuchukue sasa kwamba hayo yote yamepita na kidole kimenata. Mgonjwa, na mhudumu anayemwona, wanaweza kujifunza mengi kwa jaribio lisilogharimu kitu. Mgonjwa ajaribu kukikunja kidole mwenyewe; kisha mtu mwingine akikunje taratibu. Kikikunjika vizuri kwa mkono wa mwingine lakini hakikunjiki kwa nguvu ya mwenyewe, viungo vi hai na tatizo liko kwenye kano: ama imenata, ama imekatika. Kisipokunjika hata kwa mkono wa mwingine, viungo vyenyewe vimekaza, na kazi ya kwanza ni kuvilainisha kwa mazoezi, wala si kupasua. Ili kutenganisha mnato na kukatika, mwambie mgonjwa aulegeze mkono, kisha kirudishe kifundo nyuma: vidole vyenye kano nzima hujikunja vyenyewe kidogo, ila kile ambacho kano yake imekatika hubaki kimenyooka. Na pale kano zilipogandia mbele ya kifundo, vidole havinyooki mpaka kifundo kikunjwe. Palipo na shaka, kipimo cha sauti, yaani altrasaundi, husaidia.

Upasuaji wa kufungua huitwa tenolisisi. Hauharakishwi. Baada ya kano kushonwa hupita angalau miezi 3, mara nyingi hadi 6, mpaka kovu limelainika, uvimbe umekwisha, ngozi inabonyea na viungo vinakunjika kwa urahisi vikisaidiwa. Muda huo wa kusubiri si wa kukaa bure. Ni muda wa mazoezi, na wapo ambao mazoezi hayo huwaondolea haja ya kupasuliwa. Asiyeacha kupiga hatua hapasuliwi. Anayefikishwa mezani hufunguliwa ngozi kwa mkato mrefu wa mshazari wa kwenda na kurudi, kisha mpasuaji huitenga kano na kila kilichoishika, milimita baada ya milimita, akilinda zile pete, hasa mbili kuu, ile ya shina la kidole na ile ya pingili ya kati. Pete hizo zikiharibika, kano huinuka kutoka mfupani kama upote wa upinde, na nguvu ya kukunja hupotea. Kano ikikutwa imechakaa mno, upasuaji hubadilika kabisa: huwekwa kijiti cha silikoni kutengeneza njia mpya, na miezi kadhaa baadaye kano ya kupandikiza hupitishwa humo. Mgonjwa anapaswa kuambiwa uwezekano huo kabla ya kutia sahihi.

Kisha mkono hufungwa, na hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Kovu jipya halingoji. Saa zilezile ambazo mgonjwa angependa kulala na kuuguza maumivu ndizo saa ambazo kano iliyofunguliwa inaanza kugandishwa upya, safari hii kwa jeraha kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo mazoezi huanza siku hiyohiyo au kesho yake, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo, dawa za maumivu zikitolewa kwa saa zake na si kwa kuombwa. Hurudiwa kila saa ya mchana, kwa wiki nyingi. Kano iliyovuliwa kovu ni dhaifu na yaweza kukatika ikilazimishwa, hivyo kunyanyua ndoo au kushika jembe hakuruhusiwi katika wiki hizo, na kazi nzito husubiri yapata miezi 3. Aliyepasuliwa akaenda kulala nyumbani, akarudi baada ya siku 14 kutolewa nyuzi, hurudi na kidole kilekile, pengine kibaya zaidi, na safari hii hatuna tena cha kumpa ila maneno.

Sasa mtazame mkulima wa kijiji cha ndani Handeni. Kutoka mji wa Handeni hadi Korogwe ni yapata kilomita 65 za lami. Kutoka Korogwe hadi Hospitali ya Bombo, Tanga, ni takriban 100 nyingine. Na anayepewa rufaa ya KCMC huelekea Moshi, mbali zaidi ya hapo. Kabla ya lami kuna bodaboda kutoka kijijini. Kumwambia mtu huyu ahudhurie tiba ya viungo mara 3 kwa wiki huko alikopasuliwa ni sawa na kumwambia asihudhurie. Naye hatasema kwamba hatakuja. Atasema "nimeelewa, daktari," kwa heshima, na tutaandika kwenye jalada kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo.

Wapo wenzangu wanaonijibu kwamba tukingoja kila wilaya ipate mtaalamu wa utengamao aliyebobea katika mikono, wagonjwa hawa watazeeka na vidole vyao. Jibu hilo lina uzito, na wala sitaki mtu asubiri mtaalamu ambaye hajazaliwa. Nasema mtu yeyote aliyefundishwa na kutajwa jina: mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali ya wilaya pale alipo, tabibu wa kituo cha afya, muuguzi wa zahanati, hata ndugu mwenye subira anayelala nyumba moja na mgonjwa. Kinachotakiwa ni jicho la kila siku au kila baada ya siku 2, karatasi yenye michoro ya mazoezi, namba ya simu ya mpasuaji, na kipimo kimoja: umbali kati ya ncha ya kidole na kiganja, ukipimwa kwa rula ya shule na kuandikwa. Umbali ukiongezeka wiki ya pili, mpasuaji apigiwe simu siku hiyo.

Anayedhani kwamba ufuatiliaji wa namna hii hauwezekani katika vijiji vyetu akumbuke kilichofanyika Korogwe. Kati ya mwaka 2009 na 2014 mji huo, pamoja na Bagamoyo, ulikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto walifuatiliwa kwa miaka, nyumba kwa nyumba, kadi kwa kadi. Uwezo wa kumfuata mtu hadi kijijini kwake tunao. Tumeuonyesha mbele ya dunia. Wagonjwa wa vidole ni wachache mno kuliko watoto wale, na wiki 6 ni fupi kuliko miaka.

Lipo pia jambo linalowapendelea wapasuaji wa wilaya, nami nashangaa kwamba halizungumzwi zaidi. Tenolisisi haihitaji nusukaputi. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba adrenalini haidungwi kidoleni, kwamba itakiua. Mwaka 2005 Donald Lalonde na wenzake wa Kanada walichapisha matokeo ya matukio 3,110 mfululizo ya kutumia lignokeini yenye adrenalini vidoleni na mkononi, na hakuna kidole hata kimoja kilichokufa. Mgonjwa hukaa macho, mkono hautoki damu nyingi, mkanda wa kubana mkono hauhitajiki. La muhimu zaidi kwa hoja yetu, mpasuaji humwomba akunje kidole palepale mezani. Kisipofika, kovu bado lipo na linatafutwa. Kikifika, mgonjwa amekiona kwa macho yake mwenyewe kikigusa kiganja. Maelezo yangu yote ya kliniki hayawezi kushindana na dakika hiyo. Mtu aliyekiona kidole chake kikikunjika hahitaji kusukumwa sana kufanya mazoezi, anajua anacholinda.

Sharti la wakati nalo lazima liheshimiwe. Anayelima Handeni hawezi kukaa miezi 3 bila jembe masika yanapoanza Machi, na akipangiwa upasuaji Februari atachagua shamba, na mimi nisingemlaumu. Tumwulize anapanda lini na anavuna lini kabla ya kufungua daftari la miadi.

Kuna wanaosema: ni kidole kimoja tu, anavyo 9 vingine. Kauli hii huipuuza namna mkono ulivyoumbwa. Kano za ndani zinazokunja vidole 4 hutoka katika msuli ambao kwa sehemu kubwa ni wa pamoja, hasa vile vitatu vya upande wa kidole cha mwisho. Ni kama ng'ombe waliofungwa nira moja: mmoja akigoma, wenzake hawafiki. Cha pete kikinata, cha kati na cha mwisho nao hushindwa kufunga ngumi kamili, na anayekata mkonge hugundua kwamba panga linamponyoka ingawa vidole hivyo viwili havijawahi kuumia. Ndiyo maana mara nyingine mgonjwa husema mkono wote umekufa, nasi tukadhani anatia chumvi.

Kwa nini basi hili halipangwi vema? Kwa sehemu ni fedha, na namna tunavyozihesabu. Upasuaji una bei, una fomu, una mtu wa kuulipia. Nauli ya siku 12 za mazoezi haina. Aliyeajiriwa katika shamba la mkonge na kuumia kazini anaweza kudai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri anawajibika kuitoa taarifa ya ajali hiyo; mhudumu anayemwona siku ya kwanza aandike wazi kwamba ajali ilitokea kazini, kwani neno hilo moja laweza kuamua mengi baadaye. Lakini mkulima mdogo wa mkonge, mkulima wa mahindi na dereva wa bodaboda asiye na mkataba hawana mwajiri wa kuwaandikia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaoendelea kupanga vitita na bei zake wanapaswa kuona kwamba kuilipia tenolisisi bila kulipia mazoezi yake ni kulipia nusu ya tiba, ile nusu ambayo peke yake haina faida. Hata kitanda cha wiki 2 katika hospitali ya wilaya, mgonjwa akifanyishwa mazoezi kila siku, ni gharama ndogo kuliko kumpasua mara ya pili na ya tatu.

Neno kwa wagonjwa na jamaa zao. Wengi huanzia kwa mafundi wa mifupa wa jadi, na sina ugomvi na anayetafuta nafuu iliyo karibu naye. Ila kufunga kidole kilichokatwa kwa mabanzi yaliyokazwa kwa wiki nyingi, au kukichua kwa nguvu kikiwa kimevimba, huongeza kovu. Kidole kisichokunjika baada ya jeraha kuonekana limepona kisiachwe mwaka mzima, kwa sababu viungo hukaza, na kano iliyonata hugeuka kuwa tatizo la pili. Mkiambiwa mpasuliwe, ulizeni: nani atanisimamia mazoezi, wapi, kuanzia siku gani? Daktari asiyeweza kujibu maswali hayo anahitaji muda wa kuyajibu, nanyi mna haki ya kumpa muda huo.

Na kwa wenzangu wa Hospitali ya Magunga, wa Handeni na wa vituo vilivyo chini yao, pendekezo langu ni dogo. Barua ya rufaa ya mgonjwa mwenye kano zilizonata iwe na mistari mitatu zaidi: kiwango ambacho kidole hukunjika chenyewe na kinapokunjwa na mwingine, jina na simu ya mhudumu wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na nyumba ya mgonjwa, na mwezi ambao mgonjwa anaweza kuacha kazi za mikono. Mpasuaji anayeipokea ampigie mhudumu huyo kabla ya kupanga tarehe. Mstari wa pili ukiwa mtupu, tarehe isipangwe. Mgonjwa aendelee na mazoezi, na anayeijaza nafasi hiyo atafutwe wiki hiyohiyo.